Bushiri Hakuinuka

Ukifika Uyole ukaulizia duka la Bushiri Habibu, mtu yeyote pale nyuma ya soko atakuonyesha, na kabla hujaondoka atakuongezea la kwake bila kuulizwa: ukimkuta amenuna, rudi kesho. Hawamsengenyi. Bushiri mwenyewe analijua hilo wala halikatai. Kuna mwaka alimnunia muuza chapati wa jirani masika mazima, kwa sababu mama wa watu alimwambia kofia yake imekaa upande. Masika yote akawa anakunywa chai kwa mkate wa dukani asioupenda, harufu ya chapati inamjia palepale alipoketi, na bado hakulegeza. Mke wake, marehemu Mwantumu, alikuwa akisema kwamba mume wake anaweza kuendelea kununa hata akishasahau amekosewa nini.

Ukiondoa hilo, ni mtu mwema. Anauza kanga, vitenge, kanzu na kofia, na akipima kitambaa huachia kidogo upande wa mteja. Babu yake alipanda huku kwenye baridi kutoka Kilwa na mizigo ya nguo, kwa biashara ya msimu mmoja, akaoa, akabaki. Bushiri amezaliwa Mbeya, anasalimiana na wateja kwa Kisafwa na Kinyakyusa, na hata Kiswahili cha nyumbani alichorithi kwa bibi yake kimeshaingia ukungu wa Uyole.

Jambo ambalo vijana wa sokoni hawalijui ni kwamba mikono ile inayokunja kanga iliwahi kupiga fidla. Baba yake, mzee Habibu, alikuwa na kikundi cha taarabu pale mjini Mbeya, watu watano na fidla moja, na harusi yoyote ya waungwana kutoka Tukuyu mpaka Iringa ilikuwa haijakamilika mpaka waitwe. Bushiri aliirithi fidla hiyo pamoja na kikundi. Halafu vikaja vinanda vya umeme, ambavyo mtu mmoja akibonyeza hapa na pale anatoa sauti ya watu kumi, na kikundi kikafa bila mtu kukitangazia msiba. Bushiri akaifunga fidla kwenye shuka, akaiweka juu ya kabati. Ndiyo, alinuna. Alivinunia vinanda vyote vya nchi hii.

Aliyeishusha fidla kutoka juu ya kabati ni Batuli, mtoto wake wa pekee, akiwa bado anapoteza meno ya utoto. Bushiri alitaka kugomba, akajikuta anamrekebisha mkono. Kuanzia hapo, kila jioni baada ya kufunga duka, binti aliketi juu ya gunia la mchele na baba kwenye kigoda, wakapiga. Hizo ndizo zilikuwa siku nzuri za maisha yake, na ubaya wa siku nzuri ni kwamba mtu huzipita akidhani ni siku za kawaida.

Sasa kuna jambo la kikundi kile ambalo lazima lielezwe, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea Iringa. Mzee Habibu alitunga wimbo wa kumtolea bi harusi, usio na maneno wala jina. Watu waliuita tu ile ya mzee Habibu. Una mwanzo, una katikati inayozunguka, na una kituo chake, kipande kifupi cha kuufunga. Mpigaji mpya akipiga peke yake mbele za watu kwa mara ya kwanza, hupiga wimbo huo, naye huzunguka pale katikati, anazunguka na kuzunguka, mpaka aliyemfundisha ainuke kitini, amwendee, na kumtuza. Kumtuza maana yake ni kumtupia kanga begani au kumpa chochote cha heshima huku anapiga, watu wote wakiona. Hapo ndipo mpigaji anaruhusiwa kukipiga kituo. Wengine wote wanaweza kuinuka, mama, shangazi, bwana harusi mwenyewe, lakini asipoinuka mwalimu, kituo hakipigwi. Bushiri alipopiga yeye, mzee Habibu alimzungusha mpaka chai ya wageni ikapoa, kisha akainuka taratibu akicheka, na Bushiri akalia kama mtoto.

Zamu ya Batuli ilifika kwenye harusi ya Idrisa, mtoto wa dada yake Bushiri, mjini Mbeya. Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne. Siku moja kabla ya harusi alimwambia baba yake kwamba kuna mwalimu wa muziki Iringa, wa chuo kimoja cha kanisa, aliyemsikia akipiga, naye anamtaka akasome fidla kwa noti na vitabu. Mwantumu alikuwa ameshakubali. Bushiri akanuna. Alihofia maneno ya watu, kwamba mjukuu wa Habibu amepelekwa kanisani, ingawa hiyo haikuwa sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba aliumia. Aliona kama binti anamwambia kuwa yale ya juu ya gunia la mchele hayakutosha.

Basi kesho yake Batuli akapiga ile ya mzee Habibu. Alipiga vizuri kuliko baba yake alivyowahi kupiga, na Bushiri alikuwa wa kwanza kulisikia hilo. Wakainuka mashangazi, akainuka Idrisa na suti yake, vigelegele vikapasua paa. Binti akazunguka. Akazunguka tena, macho yapo kwa baba yake. Na Bushiri, mbele ya Mbeya nzima, akakunja mikono kifuani, akakaa. Mwisho Mwantumu hakuvumilia, akavua mtandio wake akamtupia mwanawe begani, na Batuli akashusha upinde bila kukipiga kituo.

Bushiri alijiambia kuwa atainuka siku binti atakaporudi na akili zake. Kumbe binti alienda Iringa, akatoka Iringa akaenda Dar es Salaam, na kutoka huko akapata nafasi ya kusoma Ujerumani, akabaki huko kwa kazi ya fidla. Hakubadili dini wala adabu. Mwezi wa Ramadhani hufunga huko ambako wakati mwingine jua linakataa kuzama, na sikukuu hupiga simu nyumbani. Simu zenyewe zilikuwa za salamu. Shikamoo, marahaba, hali ya hewa ikoje, mama yuko jikoni subiri nimwite. Mwantumu alipofariki, Batuli alifika siku ya pili ya msiba, mama yake ameshazikwa. Baba na binti walikaa mkekani wakipokea pole za watu, na katika siku zote zile hakuna aliyelishika lile la harusi. Bushiri alitaka kulishika. Kila alipofungua kinywa aliingia mtu na pole yake.

Baada ya msiba ule duka lilikuwa kimya sana jioni. Gunia la mchele lilikuwepo, maana nyumba haikosi gunia la mchele, na Bushiri akawa hapendi kuliangalia. Fidla haikuwepo, Batuli aliondoka nayo. Mtu aliyezoea kuwanunia wenzake hana pa kukupeleka kununa kwake anapobaki peke yake, na Bushiri akaanza kujinunia mwenyewe, jambo ambalo halina raha hata kidogo.

Mwaka huu, mwezi wa sita, simu ikaita ambayo haikuwa ya sikukuu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Kuna usalama?"

"Upo. Nakuja nyumbani na okestra moja ndogo, nimealikwa nipige nao kama mgeni. Tunapiga Dar, tunapiga Iringa, halafu Dodoma. Mbeya hatufiki, Baba. Nilijaribu, ikashindikana."

"Iringa lini?"

"Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri. Kama mwili unaruhusu. Nitakuwekea kiti."

Bushiri alisema sawa, akakata simu. Baadaye akafungua kabati la Mwantumu, ambalo tangu msiba alikuwa analipita kama analiogopa. Chini kabisa kulikuwa na doti ya kisutu, ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bi harusi, ambayo Mwantumu aliitunza pamoja na karafuu kwa ajili ya Batuli. Batuli hajaolewa, na huko aliko hana haraka. Bushiri akaichukua. Aliamua palepale: siku hiyo, Batuli akiwa jukwaani na watu wakiona, ataikunjua ile mikono aliyoikunja harusini. Atainuka. Alikuwa hajui kama ile ya mzee Habibu itapigwa au la, na hakujali. Atainuka hata kwa wimbo wa Wazungu.

Aliondoka Uyole alfajiri na basi la Dar, koti jipya mwilini, kisutu kwenye mfuko wa karatasi mapajani. Abiria aliyeketi naye alitaka kuongea siasa, akamjibu kwa heshima mpaka Makambako, kisha akajifanya amesinzia. Basi liliposimama Nyololo, wauza viazi na mahindi wakaja dirishani na mabeseni yao, naye hakununua chochote. Alikuwa anarudiarudia kichwani jinsi atakavyofanya. Asiende haraka, magoti yake yasimwaibishe. Akikunjue kisutu akiwa ameshasimama. Amtupie bega la kulia, maana la kushoto lina fidla.

Ukumbi ulikuwa mali ya kanisa, mkubwa, viti vya mbao, na ubaridi wa Iringa ulikuwa umeingia ndani ukajikalia kama mwenyeji. Binti mmoja wa mlangoni aliangalia karatasi yake akamwongoza Bushiri mpaka safu ya mbele kabisa, kiti cha mwisho pembeni mwa njia. Kilikuwa na jina lake. Alifurahi, akadhani Batuli amekumbuka magoti.

Jirani yake alikuwa mama mnene mwenye kitambaa kichwani na uso wa kucheka, mwalimu mstaafu kutoka Nyololo, Matilda jina lake. Alikuwa ameshajitambulisha kabla Bushiri hajakaa vizuri.

"Kamwene, baba. Mimi nimefuata mjukuu. Anapiga lile fidla kubwa la kusimamisha, ona, yule pale mrefu. Na wewe una mtu wako?"

Bushiri alitaka kusema ndiyo. Alitaka kusema, mgeni mwenyewe ni wa kwangu. Lakini neno hilo alilionea haya. Aliona kama hana haki ya kumdai mbele ya watu binti ambaye mbele ya watu yeye mwenyewe alimkana.

"Nimekuja kusikiliza tu, mwalimu," akasema.

Ndipo mshereheshaji akapanda jukwaani, kijana wa chuo aitwaye Anania, mpole na mwenye tai. Akakaribisha wageni, akaomba simu zizimwe, halafu akasema lililokuwa linawasumbua waandaaji.

"Ndugu zangu, sisi tunajuana. Kwetu mtu akifurahi anainuka, anapiga kigelegele, anaenda mbele kutuza. Kwa kwaya ni vizuri kabisa. Ila muziki wa leo ni wa kimya, hizi nyuzi hazina spika. Nawaomba sana, wakati wanapiga, mtu asiinuke, asitembee, asiende mbele. Mwenye zawadi atatoa mwisho. Na tusipige makofi mpaka waweke pinde chini. Tusiwaaibishe wageni wetu."

Watu wakacheka, wakakubali. Mwalimu Matilda akatoa leso akaiweka mdomoni. "Hii ni ya kuzuia kigelegele," akamnong'oneza Bushiri. "Kimeshafika hapa kooni."

Bushiri hakucheka. Alikuwa ameshika mfuko wa karatasi, na neno lile la kuaibisha lilikuwa limemwingia. Alishamwaibisha Batuli mara moja kwa kukaa. Je, amwaibishe tena kwa kuinuka? Watu wa okestra wakaingia na nguo zao nyeusi, nyuzi tupu, hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, hata wale waliozoea bendi za kanisa wakawa wanatazamana. Kisha akaingia Batuli. Alikuwa amevaa gauni refu la kijani, ushungi wa rangi hiyohiyo, na mkononi ile fidla ya mzee Habibu. Bushiri aliitambua kwa kovu lake la ubavuni, pale ilipodondoka harusini Tukuyu yeye akiwa kijana. Batuli akainama kwa watu. Alipoinua kichwa alikiangalia kiti cha pembeni, akamwona baba yake, na akatabasamu kidogo sana.

Walipiga kitu kirefu chenye sehemu tatu. Bushiri alisikiliza kwa bidii yote, na kwa muda mrefu alijiona mgeni. Binti alisimama wima, fidla iko kidevuni, wakati yeye alimfundisha kuiegemeza kifuani. Sauti zake zilikuwa safi, kila moja imekaa mahali pake, na hapakuwa na ule utelezi wa kidole ambao mzee Habibu alisema ndio unaomfanya bi harusi alie. Bushiri aliwaza kwamba amempoteza kabisa, na kwamba ni haki yake. Ila sehemu ya katikati, ile ya polepole, ilimshika. Wenzake walipiga chinichini na Batuli akapita juu yao, na Bushiri akamkumbuka Mwantumu akitembea uani nyumbani na taa mkononi umeme ulipokatika. Hakujua kwa nini amkumbuke na taa. Alifuta macho kwa kiganja, na mwalimu Matilda akamwazima pembe ya leso yake bila kuuliza.

Walipomaliza, pinde zikashushwa na makofi yakaja, makofi ya watu waliokaa. Bushiri akajiambia sasa ni sasa, akakunjua mdomo wa mfuko. Lakini Batuli alikuwa ameshainua mkono, na ukumbi ukatulia.

"Asanteni," akasema kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, na Bushiri akaisikia Mbeya yote ndani yake. "Nitapiga kimoja ambacho hakipo kwenye ratiba. Hiki sikusomea chuo. Nilifundishwa nikiwa nimekaa juu ya gunia la mchele." Watu wakacheka. "Na aliyenifundisha yupo humu ndani leo."

Makofi tena. Watu wakageuza shingo kutafuta. Mwalimu Matilda naye akageuka huku na huku. "Ni nani, baba? Unamjua?" Bushiri alikuwa anaangalia jukwaani. Batuli alikuwa ameishusha fidla kutoka kidevuni. Aliiegemeza kifuani.

Akaanza ile ya mzee Habibu.

Ulianza mwanzo, na utelezi wa kidole ulikuwepo, wote, pamoja na ule mmoja ambao Bushiri alimzuia asiuongeze na yeye akauongeza. Wenzake wa okestra walikaa na pinde mapajani wakimsikiliza. Mzunguko wa kwanza wa pale katikati Bushiri alikuwa na furaha tupu, furaha ya mtu aliyesahau yuko wapi. Mzunguko wa pili ndipo alipoona macho. Batuli hakuwa anaangalia nyuzi, wala hakuwa anaangalia ukumbi. Alikuwa anamwangalia yeye, vilevile kama siku ile harusini, na anazunguka.

Bushiri akaelewa. Akaelewa kiti cha safu ya mbele, kiti cha pembeni mwa njia, ambacho mtu akiinuka hapiti magoti ya mtu. Miaka yote hii binti alikuwa hajakipiga kituo mbele za watu. Alikuwa amebeba wimbo usiofungwa kutoka Mbeya mpaka Ujerumani, na sasa ameurudisha, ameusogeza mpaka hatua chache kutoka kwenye magoti ya baba yake, na anamngoja.

Mzunguko wa tatu. Bushiri akasikia maneno ya Anania, mtu asiinuke, tusiwaaibishe. Akaona mamia ya watu nyuma yake waliotulia kimya kwa adabu. Akaona wenzake Batuli, Wazungu na Waafrika, mikono mapajani. Je, kama amekosea? Je, kama ni wimbo tu, na yeye mzee wa kanga kutoka Uyole anainuka peke yake na kitambaa chekundu mkononi, binti anapigwa na butwaa mbele ya wenzake? Mzunguko wa nne. Bushiri akanyoosha mkono ashike kiti cha mbele yake, akakumbuka hakuna kiti mbele yake, akashika magoti yake mwenyewe. Akaanza kuinuka. Alikuwa ameshakiacha kiti, kabisa, goti la kushoto limeshanyooka.

Mkono ukamvuta koti.

"Bado, mzee wangu," mwalimu Matilda akamnong'oneza kwa upole, kama anavyomwambia mtoto darasani. "Akimaliza. Wamesema akimaliza."

Na Bushiri akakaa.

Batuli aliliona. Alizunguka mara moja zaidi, polepole, kama mtu anayefunga duka huku anaangalia barabarani kama kuna mteja wa mwisho. Halafu, palepale katikati, mahali ambapo sikio la mtu yeyote mwenye masikio linadai kuna kitu bado, akainua upinde kutoka kwenye nyuzi. Akaushusha. Alikuwa ameacha kuangalia kile kiti.

Na ukumbi wote ukainuka. Sasa ilikuwa ruhusa. Waliinuka kwa pamoja, viti vikagongana, mwalimu Matilda akaitoa leso mdomoni na kile kigelegele kikatoka hatimaye, kikajibiwa na vingine kutoka kila pembe. Bushiri naye alisimama, kisutu kimekunjuliwa mikononi. Lakini alikuwa amesimama ndani ya watu waliosimama. Mbele yake walishapita wapiga picha na watoto wenye mashada ya maua, na kusimama kwake hakukuwa na tofauti na kwa mtu mwingine yeyote.

Walipoanza kutoka, Batuli alishuka jukwaani, akapita kati ya watu waliotaka kumpa mkono, akamjia.

"Shikamoo, Baba."

Mwalimu Matilda alimwangalia binti, akamwangalia Bushiri, na uso wake wa kucheka ukanywea. "Ee Mungu wangu. Ni wa kwako? Mbona hukuniambia, baba? Ningekusukuma mwenyewe kwa mikono hii."

Bushiri alijua kwamba ni kweli, angemsukuma. Alimpa Batuli kisutu mkononi, si begani. Batuli akakipokea kwa mikono miwili, akakinusa, na karafuu za mama yake zikamfanya afumbe macho.

"Ahsante, Baba. Magoti yanaendeleaje?"

"Walisema tusiinuke," Bushiri akasema. Ilikuwa imemtoka vibaya, kama mtoto anayemsingizia mwenzake.

"Ndiyo. Niliwasikia." Akakikunja kisutu vizuri, kona kwa kona, kama alivyofundishwa dukani. "Nilimwomba Anania asiseme hilo la kutuza. Akaniambia wenye ukumbi wameshikilia."

"Batuli. Ule wimbo. Mbona hukuumalizia?"

Alijua jibu. Aliuliza kwa sababu alitaka aambiwe kitu kingine, chochote. Batuli alimwangalia bila hasira, na kutokuwepo kwa hasira ndiko kulikomkata maini.

"Wewe ndiye uliyenifundisha, Baba. Kituo kinapigwa mwalimu akishainuka."

Bushiri akataka kumwambia apige sasa, hapahapa nje, yeye amesimama, ataona. Lakini fidla ilikuwa imeshawekwa kwenye sanduku, na wenzake walikuwa wanapanda gari, maana kesho yake walikuwa na kazi Dodoma. Batuli akaubusu mkono wa baba yake. Akasema atapiga simu sikukuu, kisha akajisahihisha akasema hapana, atapiga mapema zaidi. Bushiri alilishika neno hilo kwa nguvu zote, ingawa alijua simu si ukumbi, na kwamba magoti yake hayana Iringa nyingine nyingi ndani yake.

Gari likashuka kilima. Mwalimu Matilda alimuaga mara mbili na bado akageuka njiani kumwangalia. Idrisa, yule mpwa wake wa ile harusi, ambaye siku hizi anauza vipuri mjini Iringa, alikuwa amesema atamfuata aende kulala kwake, naye alikuwa amechelewa. Uwanja ukabaki mtupu, upepo unaburura karatasi za ratiba. Bushiri alibaki amesimama palepale gari lilipokuwa, mfuko mtupu wa karatasi mkononi, akiimba kimoyomoyo kile kipande kifupi cha mwisho, cha mzee Habibu, ambacho sasa hakuna mtu mwingine hai aliyewahi kukipiga mbele za watu.

Mlinzi wa ukumbi, mzee wa rika lake, alimwona, akamwonea huruma. Aliingia ndani akatoka na kiti cha mbao, akakiweka nyuma yake.

"Kaa, mzee mwenzangu. Utachoka bure, kaa."

"Ahsante, ndugu yangu," Bushiri akasema. "Leo nimekaa vya kutosha."